Wamesimama, Yamesimama

Msiniulize nyumba hiyo iko mji gani, maana nimechoka kuulizwa. Iko. Ina ghorofa ambazo hakuna aliyezihesabu akafika mwisho, ina ukumbi mrefu uliojaa meza, na ukutani kuna saa moja kubwa inayosema ni saa nne ya asubuhi. Wakati wa chai. Unakunywa chai, unakula andazi, unafuta mdomo, unatazama juu: saa nne. Chai inaletwa tena. Mgeni huifurahia hali hiyo siku ya kwanza, ikiwa siku ni neno la kutumia humo, halafu anaanza kulichukia andazi.

Humo ndimo alimokuwa Mwanamize binti Athumani, ambaye kwao wanamwita Mize, mwanamke mfupi, mkali wa ulimi, hodari wa maneno tangu utoto wake. Aliitwa kwa barua yenye muhuri aje kusaidia Kamusi Kuu ya nchi. Akampa dada yake Zaituni mwanawe Mwatime, mtoto wa miezi mitatu, amshikie, akasema, "Nakwenda kuwaelezea neno moja tu. Kabla ya adhuhuri nimerudi." Neno moja tu! Laiti angalijua. Sheria ya nyumba ilikuwa imeandikwa juu ya mlango, tena kwa ndani, mahali unapoweza kuisoma ukishaingia: kila aingiaye hupewa neno moja, wala hatoki mpaka alipatie maana moja.

Neno lake lilikuwa la Kiingereza. Horror.

"Jepesi hilo," alisema Bwana Vuai, msimamizi wa nyumba, akimwekea kadi mezani. Bwana Vuai alikuwa mtu mpole sana, na huo upole wake ulimkera Mize kuliko matusi. "Wengine wamepewa maneno mabaya, Bi Mize. Wewe umependelewa."

Kila meza ilikuwa na viti vitatu. Katikati alikaa mwenye neno. Kulia kwake na kushoto kwake walikaa maafisa wawili wenye madaftari, wakiandika kila alisemalo na kila alitendalo. Maafisa hao waliitwa Malaika. Jina hilo walipewa na serikali, na mimi nasema astaghafirullahi, lakini ndilo. Wa kulia anaandika mazuri, wa kushoto anaandika yaliyobaki. Wa kulia wa Mize alikuwa mzee mmoja mnene aliyesinzia muda wote, kwa kuwa mazuri humo hayakuwa mengi. Wa kushoto alikuwa msichana aitwaye Kauthari, mwembamba, mwenye wino vidoleni, aliyeandika upesi na kwa hati nzuri. Malaika walikuwa na sharti moja kubwa: zamu ikianza hawasimami. Kiti ndicho cheo chao. Malaika aliyesimama kabla ya zamu kuisha ameikana kazi, na aliyeikana kazi hakuna aliyepata kujua anapelekwa wapi.

Mize alianza kwa furaha, kama mtu anayejua atamaliza sasa hivi. Akaandika: *hofu*. Bwana Vuai akairudisha kadi. "Hofu imeshachukuliwa, mama. Wamepewa wale wa meza ya kumi na saba." Akaandika: *kitisho*. Ikarudi. Kitisho kinatoka kwa anayetisha, alisema, na sisi tunataka kinachompata anayetishwa. Akaandika: *jinamizi*. Ikarudi: hilo la aliyelala. Akaandika *fadhaa*, akaandika *kiwewe*, akaandika *kizaazaa* kwa hasira tu, zikarudi zote, zimekunjwa vizuri, na andazi juu yake.

Kitu kimoja tu kilimpa moyo, nacho ni maziwa yake. Saa ya ukutani aliijua kuwa ni mwongo, lakini kifua cha mama anayenyonyesha hakidanganyi. Matiti yalimjaa, yakamuuma, naye akajikamulia kwenye kikombe cha chai pembeni huku Kauthari akiangalia daftari lake kwa adabu. Akajisemea: yamejaa mara moja tu tangu nilipotoka nyumbani. Mwatime ananisubiri. Hajalia bado, au analia sasa hivi, Zaituni anamzungusha uani. Hazijapita hata saa tatu. Nina muda.

Meza ya jirani alikaa Mzee Shebwana, mtu mwenye ndevu zilizofika kwenye kadi yake. Alikuwa humo muda mrefu hata maandishi ya kadi yakafutika. Neno lake hakulijua tena, na bado alikuwa akilitafutia maana kwa bidii.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Umepewa lipi?"

Mize akamwonyesha. Mzee akalisoma, akalirudia mdomoni, kisha akapiga kofi la furaha. "Ho-ra! Ho-ro! Kihoro! Wametuibia, wallahi! Walikuja na majahazi yao ya moshi, wakasikia wake zetu wanalia kihoro, wakakata *ki* wakaitupa baharini, wakaenda na *horo*. Andika hivyo, mwanangu, andika hivyo utoke."

Mize alicheka mpaka akashika mbavu, na hicho ndicho kicheko chake cha mwisho humo. Lakini mfa maji haachi kutapatapa: akaandika *kihoro*. Bwana Vuai alikuja mwenyewe safari hii. "Kihoro ni cha msiba," akasema kwa sauti ya chini. "Lazima pawe na aliyefariki. Humu amefariki nani, Bi Mize?" Akangoja jibu hasa. Mize akatazama meza zote, mistari na mistari ya watu walioinamisha vichwa, akaona kwamba hawezi kusema ni nani aliye hai. Akaomba msamaha, akarudishiwa kadi.

Basi akaamua kulifuata neno lenyewe huko lilikozaliwa. Kuuliza si ujinga. Akaletewa kitabu kinene kama mto wa kulalia, akalitafuta, akalipata. Kitabu kikamwambia kwamba neno hilo si mali ya Waingereza. Walilipata kwa Wafaransa, na Wafaransa walilirithi kwa Warumi wa kale, nao Warumi walipolitamka zamani zile hawakuwa na habari ya woga. Walikuwa wakisema habari ya kitu kilicholala kikasimama. Masuke ya ngano shambani. Miiba ya nungunungu. Nywele za mwili. Kusimama, basi. Woga ulikuja baadaye, ukajikalia humo ndani kama mpangaji asiyetaka kuhama, mpaka mwenye nyumba akasahaulika.

Mize alikaa na jambo hilo muda mrefu, vikombe saba au themanini vya chai. Je, mtu huogopa kwanza ndipo nywele zikasimama, au nywele husimama kwanza, yeye akauliza kuna nini, ndipo akapewa jina la kuita? Kama mwili ndio unaotangulia, basi mwili una lugha yake ambayo haikuombwa ruhusa na serikali yoyote, na sisi wenye ndimi ni makarani wake tu, tunaandika kilichokwisha kusemwa. Na kama ni hivyo, kwa nini nyumba hii inataka maana moja? Nani anayefaidika na neno lenye maana moja? Mtu mwenye neno la maana moja unajua atasema nini kabla hajafungua kinywa. Hapa Mize alisita, akageuka kushoto. Alikuwa akiwaza kwa sauti. Kauthari alikuwa ameacha kuandika.

"Hilo sijalisikia, dada," alisema Kauthari, akachovya kalamu.

Tangu hapo wakawa watu wa kusemezana. Si kwa maneno mengi. Kauthari alimsogezea kikombe kisafi cha kukamulia, Mize akamwachia andazi lake. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba hicho hicho chaweza siku moja kukuonea huruma.

Malaika peke yao ndio waliotoka nje, zamu zao zikiisha, na walikatazwa kuleta hata salamu. Basi safari moja Kauthari alirudi kutoka nje akaketi, akafungua daftari, na bila ya kuinua macho akasema, "Dada Mize, usigeuke. Nilipita mtaa wenu. Dada yako alikuwa barazani, ameniambia nikwambie maneno mawili matatu."

"Sema, mdogo wangu. Sema upesi. Mtoto analia?"

"Amesema hivi: malaika wako amesimama dede."

Mize hakuelewa. Alidhani ni habari za maafisa. Malaika gani amesimama? Akamtazama yule mzee wa kulia, akamwona amelala kitini kama kawaida. Halafu akaelewa. Malaika, ndivyo Zaituni alivyozoea kumwita Mwatime, kama watu wote wanavyowaita watoto wadogo. Na mtoto husimama dede akiwa na miezi tisa. Kumi. Alimwacha na mitatu.

*Yamejaa mara moja tu. Nimekamua mara. Mara ngapi? Kikombe kile. Kile kingine. Hapana, ni kile kile. Vikombe themanini. Hapana. Amejishika wapi aliposimama? Kiti cha nani? Nani alimpigia makofi? Alimwita nani mama? Mwili wangu, na wewe? Hata wewe umekaa upande wao? Kifua, nilikuamini wewe. Niliuamini mwili wangu kuliko saa, na mwili wangu umenywa chai yao.*

Akaona mikono yake. Juu ya ngozi ya mikono, toka kiganja hadi kwapani, vinyweleo vyote vilikuwa vimesimama wima, kila kimoja peke yake, na shingoni vivyo hivyo, na mgongoni chini ya kanga. Hakuwa anaogopa. Woga una kitu mbele yake cha kukikimbia. Hapa hapakuwa na kitu cha kukimbia, kilichokuwapo kilikuwa kimeshapita, na yeye alikuwa amekaa.

Bibi yake mzaa mama alikuwa akisema hivi anaposimulia siku mumewe alipozolewa na mafuriko: *mwili ulinisisimka, malaika yakanisimama*. Laika moja, malaika mengi: ndilo jina la vinyweleo vya mwili, jina la wazee, ambalo vijana wanalisikia wakadhani wanahadithiwa habari za mbinguni. Warumi walisema kusimama, bibi akasema kusimama, na hawakuwahi kukutana. Mize akachukua kadi, mkono ungali umesimama vinyweleo, akaandika: *Horror: hali ya malaika kusimama.*

Bwana Vuai aliisoma kadi mara tatu. Kwa mara ya kwanza akavuta kiti akakaa.

"Nzuri," alisema. "Ina asili, ina uzito. Umebakisha mfano."

"Mfano gani, bwana?"

"Kamusi haitoi maana bila ya mfano, mama. Wewe ni mtu wa kazi, unajua. Sentensi moja tu fupi." Akachukua kalamu yake mwenyewe, akaandika chini ya kadi: *Malaika*, akaacha nafasi ndogo, akaandika *mesimama*. "Jaza hapo katikati. Silabi moja. Wa au ya?"

Wewe uliyesomeshwa ngeli shuleni ukachapwa kwa ajili yake, ukajiuliza zina faida gani duniani, njoo uone faida yake sasa.

"Ukisema *wamesimama*," alieleza Bwana Vuai kwa upole wake ule ule, "basi ni Malaika hawa, maafisa. Kamusi yetu haisemi uongo. Ikisema wamesimama, lazima wawepo waliosimama, na itakuwa ni hawa wa meza yako, maana wengine nimewatazama wote wameketi. Neno lako litakuwa limekamilika, nawe mlango uko wazi. Ukisema *yamesimama*, hayo ni ya mwilini, na mwili ni wako. Mtu ambaye malaika yamemsimama humu ndani ameona kitu. Sitakuuliza umeona nini wala nani amekuonyesha. Ila mtu huyo hatuwezi kumtoa nje akatembea mitaani katika hali hiyo, akawaambukiza watu. Atakaa hapa mpaka yalale."

"Mpaka lini?"

Bwana Vuai akatazama saa ya ukutani, akatabasamu.

"Na kama ni yote mawili?" Mize alisema. "Bwana Vuai, neno hili lina maana mbili. Tatu. Mwanangu ni ya tatu. Ndivyo lilivyo, sikulifanya mimi."

"Neno moja, maana moja. Ungekuwa mtu wa kuridhika na maana mbili usingeitwa."

Mize akageuka kushoto. Kauthari alikuwa ameinamia daftari, kalamu tayari, akingoja kuandika litakalosemwa. Hakumwomba kitu. Hakumtazama hata kwa jicho la kuomba. Laiti angeomba! Angelia, angemshika mkono, angesema dada nihurumie, Mize angepata mahali pa kusimamia. Lakini alikaa tu kama mtu anayejua kazi yake, na kwenye kona ya mdomo wake palikuwa na chembe ya andazi lile aliloachiwa.

*Ya. Ni ya. Wanajua ni ya, mimi najua, bibi yangu kaburini anajua. Sema ya. Halafu? Halafu chai. Halafu Mwatime anatembea. Halafu anaota meno, anang'oka meno, anasuka nywele, anaolewa, na mimi nakamua kikombe. Si mimi niliyempeleka msichana huyu kwetu. Alikwenda kwa miguu yake. Si kosa langu. Ni herufi. Ni herufi mbili tu.*

"Wa," alisema Mize.

Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayejibu amekula au hajala.

"Malaika wa kushoto, umesikia sawasawa?" aliuliza Bwana Vuai.

"Nimesikia sawasawa," alisema Kauthari, akaandika. Hati ilitoka nzuri kama siku zote. Akakausha wino, akafunga daftari, akapangusa kalamu kwa kitambaa akailaza mahali pake. Halafu akasimama.

Yule mzee wa kulia aliguswa bega. Usimwamshe aliyelala, wanasema, utalala wewe. Alifumbua macho, akaona mwenzake yu wima, naye akajikokota akasimama huku ameshika ukingo wa meza. "Chai imefika?" aliuliza. Akatazama huku na huku, akakiona kiti chake kitupu nyuma yake, na uso wake wote ukaporomoka.

Mize alikuwa karibu na mkono wa Kauthari, karibu kabisa, mkono ule wenye wino vidoleni. Juu ya ngozi ile changa vinyweleo vilikuwa vimesimama vyote. Malaika amesimama, na malaika yamemsimama. Zote mbili zilikuwa sahihi, zilikuwa sahihi kwa wakati mmoja katika mtu mmoja, na ushahidi ulikuwa hapo mbele ya macho ya msimamizi, kwamba neno lina maana mbili na kwamba nyumba nzima imejengwa juu ya uongo.

"Bwana Vuai, tazama!" alisema Mize. "Tazama mkono wake!"

Bwana Vuai alikuwa anapiga muhuri. "Nini tena, mama? Umeshamaliza. Hongera."

"Nimekosea. Ni ya. Andika ya."

"Nani aandike?" aliuliza Bwana Vuai, na kweli, viti vyote viwili vilikuwa vitupu.

"Nenda, dada," alisema Kauthari. "Mtoto asianguke."

Mngedhani alikataa. Mngedhani alikaa chini akasema siendi mpaka mrudishe herufi yangu. Mimi ninayesimulia nilitamani hivyo, na kama ningekuwa mwongo ningewapa. Mize alitembea. Alipita kati ya meza, watu wakiinua macho kidogo na kuyashusha, akampita Mzee Shebwana aliyemwambia, "Ilikuwa kihoro, sivyo?" naye akazidi kutembea. Alisikia milango miwili ikifunguliwa, wa kwake mbele na mwingine asioujua nyuma, na nyayo za watu wawili zikielekea ule mwingine, za mmoja zikiburuta.

Nje ilikuwa alasiri. Jua lilimpiga usoni, na watu wa nje walikuwa na shughuli zao, mmoja anabeba godoro kichwani, wengine wanabishana juu ya mpira. Mize alisimama kwenye ngazi, kisha akasema. Akasema kila kitu alichokitenda, tangu barua yenye muhuri mpaka herufi zile mbili, kwa sauti, na jina la msichana akalitaja mara tatu ili lisikosewe.

Kushoto kwake hapakuwa na mtu wa kuliandika.